Mdai wa Nane

Siku ya mazishi ya Saady, muuza vitenge wa sokoni Kasulu, mdogo wake Abdulrahmani alisimama mbele ya jeneza akasema yale yanayosemwa kila msiba: anayemdai marehemu aje kwa familia, wamalizane. Angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini Abdulrahmani hupenda kusikilizwa, na machozi yalikuwa yamempanda, akaongeza, "Hata asiye na karatasi aje. Neno lake linatosha."

Wakaja saba. Zuhra, mjane, aliyekuwa ndani ya eda, aliwasikia kupitia pazia wakitaja madai yao barazani, na shemeji yake akiitikia, "Sawa, sawa." Marselino, mfanyabiashara wa maharage, alitaja laki tisa bila hata kukohoa. Zuhra hakukumbuka mumewe kununua gunia la maharage kwa mtu yeyote. Lakini angebisha kwa lipi? Saady hakuwa na daftari, madeni aliyaweka kichwani, na kichwa kilikuwa kimeshazikwa. Tena kila mtu anajua deni humning'inia maiti huko aliko. Zuhra alimpenda mumewe. Hakuwa tayari kubahatisha.

Vitenge vya dukani viliuzwa, wakalipwa watatu. Abdulrahmani alitoa elfu thelathini, akarudi Kibondo kwenye duka lake. Waliobaki wakawa wa Zuhra.

Akaanza kuuza unga wa muhogo kwa kopo. Kwa siku alijiruhusu elfu mbili, yeye na binti yake Siti. Mawese yalipimwa kwa kizibo cha soda. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi vipande vinane, na kipande kikiisha kabla ya siku zake, nguo zilifuliwa kwa maji matupu. Dagaa ni Ijumaa tu. Harusini hakwenda, maana mchango hana, na majirani wakasema anaringa. Anaringa na kanga iliyotoboka! Siti alikwenda shule na viatu vya marehemu baba yake, vimejazwa matambara mbele ili visimvuke. Sukari ndiyo iliyofutwa kabisa. Miezi kumi na sita chai yao ilikuwa chungu, na Zuhra alijiapia kwamba siku ya kumaliza atakunywa tamu.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Alimkabidhi Marselino elfu arobaini za mwisho. Marselino alizipokea, akasema, "Mungu akubariki, mama," bila kumtazama usoni. Zuhra alinunua nusu kilo ya sukari, akapanda kwa miguu kwenda kwake Murubona, karibu akimbie. Kuanzia kesho fedha ya deni ingekuwa yake: kwanza viatu vya Siti, halafu meza sokoni. Alikuwa na furaha mpaka akaona haya.

Chai ilikuwa ndiyo kwanza inachemka ikapigwa hodi. Alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

"Karibu, baba."

"Aksanti, mama. Ni mimi Mulenda, mkimbizi wa Nyarugusu. Pole sana na kifo ya Saady. Niliomba permi ya kutoka kambini mara tatu, wakakatala. Hii ya leo ni ya siku mbili tu."

Zuhra alimmiminia chai. Mzee alitia sukari vijiko vinne, akakoroga taratibu, akanywa. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni.

"Alikamataka vitenge kwangu, mama. Mzigo mzima."

Ulikuwa mwandiko wa Saady. Zuhra aliujua kabla ya kusoma neno, ile S yake iliyopinda kama ndoana, na akataka kulia kwa kuuona tu. Akasoma. Laki sita na arobaini, tarehe, sahihi. Chini, kwa kalamu nyingine: *Nikifa, huyu alipwe kwanza. Hawezi kutoka kambini kuja kunidai.*

Alisoma mara mbili. Saba walikuwa wamelipwa kwa neno tu, na huyu mmoja mwenye karatasi alikuwa amekaa mbele yake na kikombe kitupu. Miezi kumi na sita alidhani anampumzisha mumewe, kumbe deni aliloliandika mwenyewe lilikuwa bado linamning'inia.

"Sina, baba," alisema. "Wallahi sina hata elfu moja. Leo ndiyo nimemaliza kulipa wengine."

"Ninaona, mama." Mulenda alitazama viatu vya Saady pale mlangoni, na matambara yake. "Ningekuwa na uwezo ningekuachia. Lakini na mie ninadaiwa, na chakula ya kambi wamepunguza. Nyumbani kuko batoto sita."

Zuhra alikuwa ameshaanza hesabu kichwani bila kutaka: elfu tatu kwa siku, miezi saba, ikiwa hakuna atakayeugua. Kwa aibu ya kumtoa mgeni mikono mitupu, alichukua mfuko wa sukari iliyobaki, akamsogezea. Alitegemea akatae, kama anavyokataa mgeni yeyote Kasulu, angalau mara ya kwanza.

Mulenda aliupokea kwa mikono miwili. "Aksanti sana, mama," akasema, akauweka ndani ya koti.

Siti aliporudi kutoka kuchota maji alikuta chai jikoni. Alionja, akamtazama mama yake, akaendelea kunywa.