Kadi Mpya ya Meneja Tak

Shemeji yangu alikuja dukani kwangu amevaa nguo za kupandia mlima, siku ya Jumanne, asubuhi kweupe, na hapo hapo nikajua kwamba kazi imekwisha.

Seoul yote inajua hilo. Mwanamume mwenye kazi hupanda mlima Jumamosi. Anayepanda Jumanne ameshapewa maua na kupigiwa makofi, na mkewe amemwomba asishinde nyumbani akifungua friji kila baada ya dakika kumi.

"Zimekupendeza, shemeji," nikamwambia. "Mlima gani huo uliofunguliwa katikati ya wiki?"

Akacheka kidogo, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaniomba kahawa.

Duka langu liko Hwanghak, kwenye uchochoro wa vyombo vya migahawa. Mgahawa ukifa tunakwenda na lori, tunabeba majiko, masinki, meza na vikaango, tunavisugua mpaka ving'ae, halafu tunamuuzia anayefungua mwingine. Mteja wangu wa mwaka huu ndiye mzigo wangu wa mwakani. Biashara hii sikuisomea. Kiinua mgongo cha marehemu mume wangu kiliyeyukia kwenye mgahawa wa tambi tuliofungua, na mtu aliyekuja kununua masufuria yetu alitulipa kidogo kiasi kwamba nikaona upande wake wa lori ndio wenye maisha. Wiki iliyofuata nikamwomba kazi.

Naitwa Gu Pil-nam, jina la kiume. Baba alikuwa amechoka kupata mabinti, akanipa mimi jina hilo ili anayefuata awe mvulana. Aliyefuata ni Jeong-rye, mke wa huyu aliyekalia ndoo yangu.

Tak Byeong-ho alikuwa mkuu wa idara ya fedha katika kiwanda cha rangi kule Incheon. Kila mtu alimwita Meneja Tak: majirani, kinyozi, hata mdogo wangu akikasirika. Alipofika miaka hamsini na sita, kampuni ilimwomba aondoke mapema, kwa heshima, ikamwongezea kitu juu ya kiinua mgongo chake. Pensheni ya taifa ingemngoja mpaka atimize sitini na tano. Katikati palikuwa na shimo la miaka tisa, na Tak, kwa kuwa ni Tak, alishalijengea daraja zamani. Fedha zote zingebaki kwenye akaunti ya kustaafu, zitoke kidogo kidogo kila mwezi kama mshahara mwembamba. Wangeuza gari. Na Jeong-rye angeacha kazi ya jikoni shuleni muhula ukiisha.

Hili la mwisho ndilo lililokuwa na maana. Mdogo wangu alikuwa akipika wali na supu ya wanafunzi mia kadhaa kila siku, akigeuza masufuria yanayotosha kuogeshea ndama. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimekwisha. Alilala na plasta za dawa mikono yote miwili, na nyumba yao ilinuka kafuri kama chumba cha wagonjwa. Alikuwa ameshaichagua siku ya kurudisha aproni.

Mpango huo Tak aliwafundisha hata vijana wa idara yake. Aliwaambia wasichezee fedha ya uzeeni, na wasiiweke yote kwenye kitu kimoja. Wengine walimsikiliza, na mpaka leo wanamletea zawadi ya peasi kila sikukuu ya mavuno. Peasi hizo siku hizi nakula mimi, maana yeye hazimpiti kooni.

Siku ile, juu ya ndoo, alinisimulia kilichomkuta mlimani. Kule Cheonggye, katikati ya wiki, wamejaa wanaume kama yeye, wamevaa nguo ghali, wanapanda polepole kwa kuwa hakuna pa kuwahi. Walipumzika kwenye mwamba. Mmoja akatoa kadi zake za jina na cheo, akazigawa kwa mikono miwili: bosi wa duka la kahawa. Wa pili naye akatoa: mshauri wa sijui nini. Kadi zikazunguka mpaka zikamfikia Tak. Akaingiza mkono mfukoni, kwa mazoea ya miaka yote ile, na alichokishika ni tango alilofungiwa na mkewe.

"Ukafanyaje?"

"Nikalikata vipande, nikawagawia."

Nilicheka mpaka nikashika friji. Yeye hakucheka, nami nikaacha.

"Shemeji," akasema, "nataka kufungua duka la kuku."

Sentensi hiyo nimeisikia katika uchochoro huu kuliko salamu. Huku kwetu mtu akimaliza ofisi hukaanga kuku, kama vile ni idara inayofuata. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye kikaango kimoja cha chuma cha pua, kirefu kama kabati, chenye bomba la kumwagia mafuta na mpini ulioungua. Nikamwambia hiki kilikuwa cha mtu wa benki, kikarudi, kikaenda kwa kanali mstaafu, kikarudi, kikaenda kwa mwalimu mkuu, na sasa kiko hapa kinamngoja mgonjwa mwingine.

"Hao hawakufanya hesabu," akasema.

"Wewe uliifanya. Ile ya kila mwezi. Umeipeleka wapi?"

Akaangalia buti zake za mlimani. "Ile ni hesabu ya mtu anayengoja kufa."

Jumapili iliyofuata walinialika kula, na nilijua naitwa kama shahidi. Tak alizungumza muda mrefu. Alimsifia dalali, akaisifia kampuni ya kuku ambayo nembo yake angeitumia, akasifia majengo mapya ya Gimpo yaliyojaa familia changa zisizopenda kupika. Hakusema uongo hata mahali pamoja. Ila jambo lililommaliza mdogo wangu lilikuwa jingine. Binti yao, Se-yeon, alikuwa amechumbiwa, na masika yangefika na siku ya wazazi wa pande mbili kukutana mezani. Baba wa bwana harusi angetoa kadi. Angeipokea Tak kwa mikono miwili. Kisha?

Jeong-rye alikuwa akimenya kitunguu saumu. Alimenya mpaka bakuli likajaa, na hatukuwa na haja ya hata nusu yake.

"Baba Se-yeon, mimi sitaki kuwa mke wa bosi," akasema. "Nataka kulala bila plasta."

"Mwaka mmoja tu, Mama Se-yeon. Duka likisimama, unaacha."

Akanitazama mimi. Nilitaka kusema, lakini Tak alikuwa ametulia namna ya mtoto anayengoja matokeo ya mtihani, na mdogo wangu naye aliliona hilo. Akafuta mikono kwenye sketi.

"Mwaka mmoja," akasema.

Kadi zilichapishwa kabla hata mafuta ya kukaangia hayajanunuliwa. Boksi zima, karatasi nene, jina lake limeinuka kidogo ukipitisha kidole: Tak Byeong-ho, Mkurugenzi. Alizitoa kwenye kikao cha wazazi, na Jeong-rye anasema usiku ule mumewe alilala usingizi mzuri kuliko ule wa miezi yote iliyotangulia. Siku hiyo simnyimi.

Kwangu hakununua kitu. Kampuni ya nembo ilitaka kila kifaa kiwe kipya na kitoke kwao, pamoja na mafuta, unga, maboksi na hata vijiti vya meno. Kiinua mgongo kikaingia chote: dhamana ya pango, kilemba cha kumlipa mpangaji aliyetoka ili aachie nafasi, mapambo ya ukutani, mashine. Yeye aliyewaambia vijana wasiweke yote kwenye kitu kimoja aliiweka yote kwenye kitu kimoja kinachonuka mafuta.

Siku ya ufunguzi maua ya pongezi yalijipanga mpaka barabarani. Wenzake wa kiwandani walikuja, wakanywa bia, wakamwita bosi kila walipoweza, naye akaitika kila mara kama mtu anayejaribu koti jipya. Walikuja wiki ile na wiki iliyofuata. Halafu walikuwa wameshamaliza urafiki wao, maana Gimpo ni mbali na kuku wapo hata chini ya nyumba zao.

Sitasimulia jinsi duka linavyokufa. Ni kama mtu kunyonyoka nywele, hakuna siku unayoweza kusema ndiyo leo. Duka jingine la kuku lilifunguliwa ng'ambo ya barabara, halafu jingine. Kampuni za kupeleka chakula zilikata chao kwanza. Tak alimwachisha kazi msaidizi. Na mtu aliyejaza nafasi ya msaidizi mnamjua. Mdogo wangu alitoka jikoni shuleni alasiri, akapanda basi mpaka Gimpo, akapaka kuku unga mpaka duka lifungwe. Alikuwa amengoja siku ya kurudisha aproni moja, akapewa ya pili.

Mwaka ule mmoja ulipita, na hakuna aliyeutaja. Nilipokwenda kuwasalimia, Tak alinikaribisha kwa figili za siki na paja la kuku, akanieleza kwamba majira ya joto yatakuwa mazuri, watu hunywa bia. Nikamtania kwamba amenenepa kibosi. Jeong-rye alikuwa nyuma, amefunga vifundo vya mikono kwa vitambaa, anakata kuku kwa kutumia uzito wa bega. Nilikula lile paja lote nikiwa nimeangalia ukuta.

Simu ilikuja wakati wa baridi.

"Shemeji, lori lako linafika Gimpo?"

Nikaenda nalo.

Nilimkuta amesimama katikati ya duka, amevaa aproni safi, meza zimepangwa juu ya meza. Alikuwa ameshasugua kila kitu mwenyewe. Vikaango vyake viwili viling'aa kuliko vyangu vya dukani. Nikavizunguka, nikafungua bomba la chini, nikagonga pembeni, kama ninavyofanya kwa yeyote. Nikamtajia bei ninayomtajia yeyote. Ningeongeza, angejua namwonea huruma, na angenirudishia kwa mikono miwili.

Akaitika kwa kichwa. Akainama kunisaidia kunyanyua, na tukiwa tumeshika kile chuma huku na huku, uso wake karibu na wangu, akasema, "Nilikuwa najua, shemeji. Hilo ndilo linalonila. Ningekuwa mjinga, ningekuwa nalala."

Tukakinyanyua, tukakipakia kwenye lori.

Jeong-rye alikuwa akifungia mitungi ya figili kwa magazeti. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kwenye lori patabaki nafasi ya friji ndogo, maana ile ni ya kwao wenyewe, ya nyumbani.

Siku hizi Tak anafanya kazi kwangu. Hodari kupita kiasi, anasugua mpaka namwambia aache, asije akatoboa. Uchochoroni kila mtu ni bosi, hata anayesukuma mkokoteni, kwa hiyo naye wanamwita Bosi Tak, na sasa haitiki haraka. Boksi lake la kadi lipo chini ya kaunta. Friji yangu ilikuwa inayumba, akakunja kadi kadhaa akazisukumia chini ya mguu. Imetulia vizuri. Karatasi ilikuwa nzuri kweli.

Juzi alikuja mwanamume amevaa nguo za mlimani. Ilikuwa Alhamisi. Akavipita vikaango vyote, akasimama mbele ya kimoja kati ya vile viwili vya Gimpo, akakipapasa kama mtu anayempapasa farasi anayetaka kumnunua.

"Hiki kina historia?" akauliza.

"Kina mwenyewe," nikasema, nikamtazama Tak.

Tak akaweka chini brashi ya waya. Akamweleza, bila haraka, kilitoka wapi na aliyekuwa nacho alikuwa nani kabla ya hapo. Yule bwana alisikiliza kwa adabu, kisha akasema huyo aliyetangulia hakufanya hesabu.

Tak akasimama kati yake na kikaango. "Hakiuzwi," akasema.

Mteja akacheka, akidhani ni mbinu ya bei. Akaongeza. Tak akarudia kwamba hakiuzwi. "Nenda nyumbani, mwulize mkeo anataka nini. Ukishauliza, nyamaza."

Kwa mtu mzima mwenye cheo hayo si maneno ya kuambiwa na msugua vyombo. Yule bwana alinyooka, akatoa mfukoni kadi, akampa Tak kwa mikono miwili ili ajue anazungumza na nani. Ilikuwa mpya, wino unanukia. Tak naye aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho, akainama. Bwana akatoka, akaingia duka la jirani.

Hatukukaa sana, mkokoteni ukapita mlangoni petu na kikaango kingine juu yake, yule bwana akiutangulia, anaongea na simu kwa sauti ya furaha.

"Kitarudi," Tak akasema.

"Kitarudi," nikasema, "na sisi ndio tutakaokwenda na lori."

Nilikusudia tucheke. Tak aliitia ile kadi kwenye mfuko wa shati, akaendelea kusugua mahali palipokuwa safi. Simu yake ikalia. Jeong-rye alikuwa ametoka shuleni, anamwomba akirudi apitie duka la dawa, plasta zimekwisha.

"Za ukubwa upi?" akauliza Tak, kisha akanyamaza, akasikiliza. Alivua aproni, akaitundika, akaniuliza kama anaweza kuondoka mapema kidogo kabla duka la dawa halijafungwa. Nikamwambia nenda, bosi.