Wasifu wa Marehemu Malkia

Osea aliacha uji upoe, akaenda kufunua mzinga wake wa mwisho, ule wa pembeni ya kahawa. Nyuki wengi walikuwa wamelala chali kwenye nyasi. Malkia wao naye alikuwa amekufa, na kifo kilikuwa kimemkuza akafikia ukubwa wa mtoto wa darasa la tatu. Osea akambeba hadi ndani. Mkewe, Atuganile, akamtandikia na kumfunika kitenge.

Fundi Ipyana alipokuja kupima jeneza aliuliza jambo moja tu: mabawa yakunjwe au yaachwe?

“Kunja,” alisema Atuganile. “Mbao zenyewe siku hizi ziko wapi?”

Turubai likafungwa. Majirani wa huku Mbozi Mission wakaja na kuni na unga. Nyuki waliobaki wakaning'inia kwenye nguzo ya turubai kama mkungu wa ndizi, kimya. Osea aliwaelewa: walikuwa wanasubiri wasifu wa marehemu. Ukitaja kilichomuua, watarudi mzingani. Usipotaja, wanahama, na yeye ufugaji ndiyo basi.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa Ezron, shemeji yake, anayepulizia kahawa dawa saa sita mchana, maua yakiwa wazi, kwa kuwa asubuhi ana usingizi.

“Tuandike aliugua nini?” Ezron aliuliza.

“Dawa yako,” alisema Osea.

“Shemeji, dawa inaponya, ndiyo maana ikaitwa dawa. Andika njaa. Sebastian huyu kamaliza miti kwa mkaa, maua wangeyatoa wapi?”

Sebastian akasema yeye anaona ni jua la miaka hii. Gwantwa, ambaye huchoma shamba lake kila kiangazi na moto huishia msituni, akasema ni ugonjwa tu, umevuka mpaka pale Tunduma. Kila mtu alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya mwenzake. Wakabishana mpaka wali ukaungua. Mwisho kamati ikakubaliana: “Aliugua ghafla.”

Ezron alipofika hapo katika kusoma, malkia akaketi ndani ya jeneza.

“Ni dawa yako ya mchana, Ezron,” alisema. “Ilinikuta na njaa, maana miti yangu ni mkaa wa Sebastian. Na wanangu wa msituni waliisha kwa moto wa Gwantwa.”

Ezron akavua miwani. “Marehemu, kuna kipengele cha salamu za wafiwa. Utaitwa.”

Malkia akasubiri, miguu yote sita ameikunja kwa adabu. Mawingu yakajikusanya, salamu zikafutwa ili kuiwahi mvua, naye akaombwa alale. Akalala. Tangu zamani hakuwa mtu wa makelele.

“Si amesema mwenyewe?” Osea aliuliza. “Mmemsikia wote.”

“Tumemsikia, baba,” alisema Gwantwa. “Ila hakuwa kwenye ratiba.”

Baada ya “Amina” ya mwisho, nyuki wakabanduka nguzoni kwa pamoja, wakashika njia ya Msangano. Ezron akatangaza kwamba wafiwa wameondoka kabla ya chakula, jambo ambalo si ustaarabu. Kisha akamvuta Osea pembeni, akamwomba ule mzinga, maadamu hana tena kazi nao, aweke chupa zake za dawa zisipigwe na jua.

“Ngoja kwanza tuanue turubai, shemeji,” alisema Osea.