Tofali Ndani ya Ndoo

Mkaguzi wa majengo alichora X nyekundu ukutani Jumatatu, akabandika na karatasi: nyumba ivunjwe kufikia Ijumaa. Kosa ni moja tu, matofali hayakuchomwa.

Nyumba yenyewe fundi mwashi alimjengea mama yake. Mama huyo alichoma matofali miaka ishirini ili binti yake huyo asomee uashi, na shukrani aliyoipata kwa tanuri ni kifua kinachopiga filimbi akipanda ngazi mbili. Binti akaapa kwamba mama hatalala ndani ya ukuta uliomla mtu mapafu. Akashindilia udongo kwa mashine ya mkono, saruji kiduchu tu, akayaacha matofali yakomae kivulini mwezi mzima. Halafu mtu anakuja na kopo la rangi. Fundi alikasirika mpaka akatulia.

Jumanne alifika ofisini kwa mkaguzi na kitabu cha kanuni, ndoo ya maji na tofali moja.

“Mmeandika hapa: matofali ya kuchomwa, ya saruji, au mengine yatakayothibitishwa na mkaguzi. Basi thibitisha.”

“Dada yangu, kifungu hicho hakijawahi kutumika. Hata fomu yake hatuna.”

“Kipimo kimeandikwa. Siku nzima majini bila kumeguka.”

“Udongo ni udongo. Kesho utabeba ndoo ya uji.”

“Nitaubeba. Kwanza weka sahihi yako kwenye tofali, usije ukasema nimebadilisha.”

Waliopanga foleni mlangoni walicheka. Mkaguzi, kwa kuona haya, akachukua msumari na kukwaruza sahihi yake. Tofali likazama, na ofisi ikafungwa jioni likiwa humo.

Nyumbani fundi hakula. Kusema kweli aliogopa, maana kelele zote zile alizipiga kwa tofali la kwanza aliloliokota.

“Umewapelekea lipi?” mama akauliza.

“Lolote tu.”

“Basi kula. Udongo nimeuchagua mimi, kwa mkono wangu.”

Jumatano mkaguzi alilitoa mwenyewe. Maji yalikuwa bado meupe, bila tope, na sahihi yake ilisomeka vizuri kuliko kwenye barua zake. Akalichokoa kwa ufunguo. Akaliangusha kutoka usawa wa kiuno, kilichopasuka ni kigae cha sakafu ya serikali.

Akaliokota tofali. “Fomu bado hatuna,” akasema, safari hii kwa upole.

“Karatasi ipo. Kalamu unayo.”

Akakaa, akaandika kwa mkono kwamba tofali limethibitishwa na amri ya kuvunja imefutwa. Kisha akauliza, “Mtengenezaji ni nani?”

“Mimi na mama yangu. Mtangulize yeye.”

“Kazi yake?”

“Mchoma matofali.”

Mkaguzi akainua macho.

“Mstaafu,” fundi akasema. “Andika na hilo.”