Jina Limeingia, Mzigo Bado

Jamleck alisema Odongo amempiga kwa nyundo dereva wa tingatinga iliyokuja kubomoa vibanda vyetu. Ulikuwa uongo, na upande wetu wote wa mtaa wa Rhonda ulijua ni uongo, kwa sababu nusu yetu tulikuwa tumeinua simu tukirekodi. Dereva aliruka kutoka juu kwa haraka zake, akateleza kwenye mnyororo wa ile mashine, akaangukia mkono. Odongo, fundi wa viatu, alikuwa kando amekumbatia cherehani yake isije ikasagwa. Mtu aliyekumbatia cherehani kwa mikono miwili ana mkono gani wa kushika nyundo? Lakini Jamleck ni wakala wa yule anayedai ploti ni yake, na anajua kuongea na watu wa kituo cha polisi. Kabla ya chakula cha mchana Odongo alikuwa ndani.

Tukakubaliana video zote ziwekwe mahali pamoja, kisha zipelekwe kituoni. Mahali penyewe ni saiba yangu, kibanda cha kompyuta na intaneti, cha mwisho kwenye safu, ambacho tingatinga ilikuwa haijakifikia. WhatsApp haingetusaidia, inabana video mpaka uso wa mtu unakuwa kama ugali. Na kutembea nazo kwa simu kulikuwa hatari, kwa sababu vijana wa Jamleck walisimama pale kona, wakinyang'anya watu simu na kufuta.

Watu wakaja wote kwa pamoja. Joyline, msichana anayeniendeshea kompyuta, alichomeka waya kwenye kila tundu la kompyuta. Jina la video likitokea kwenye skrini, mwenye simu anapiga kelele ya furaha na kufuta yake papo hapo, ili akifika kona akutwe msafi. Obura, mchomeleaji wa mageti, ndiye aliyerekodi vizuri kuliko wote, maana alikuwa juu ya ngazi yake. Alikuwa wa kwanza kufuta.

"Hata wakinivua suruali hawapati kitu," akasema.

Joyline aligeuka akamwangalia. "Nani amewaambia mfute?"

"Si imeingia? Jina ile pale. Na saizi yake."

"Jina imeingia. Video bado."

Nikamwambia Joyline aongee lugha ya watu, mimi niliachia shule darasa la sita. Akanieleza bila kunidharau. Diski ina mahali pake pa kuandika mambo ya haraka: faili inaitwa nani, ina ukubwa gani, itakaa wapi. Hayo huandikwa mapema, ili stima ikipotea mashine isisahau nyumba yake imepangwaje. Video yenyewe husubiri kwanza kwenye memori, halafu inashushwa kwenye diski polepole. Unaweza kuiweka mashine ishushe mzigo kwanza ndipo iandike jina, lakini hapo inakuwa nzito na wateja wananuna. Yetu ilikuwa imewekwa ile njia ya mbio.

"Na stima ikienda sasa hivi?"

"Memori inakuwa tupu. Ukiwasha utapata jina, utapata saizi. Ukifungua ndani, hewa."

Nilielewa papo hapo. Nimebeba magunia kwenye godauni la mahindi miaka mingi. Karani wa lango huandika kwamba lori limeingia, na gunia hata moja halijashuka. Msimu wa mavuno malori ya kutoka Olenguruone yanajaa uani, wapakuzi ni walewale, migongo ni ileile, mpaka inabidi lango lifungwe na malori mengine yangoje barabarani. Ukiuliza ofisini, mahindi yamefika. Ukiingia godauni, sakafu inakucheka. Mvua ikinyesha hapo katikati, umepoteza mahindi ambayo kila mtu anaapa unayo.

"Kwa hivyo uani pamejaa," nikasema.

"Pamejaa mpaka hakuna pa kugeukia. Ndiyo maana mashine imeganda hivi. Nimeiamuru ishushe kila kitu, na haitanijibu mpaka imalize. Msiiongezee mzigo. Na stima isipotee."

Kile kidude cha kuhifadhi stima kilikuwa chini ya meza. Betri yake ilikufa kitambo. Kazi yake ilikuwa kubeba kikombe cha Joyline.

Nikasimama mlangoni nikafunga lango. Nje bado kulikuwa na foleni, na mbele kabisa alikuwa Sitati, muuza mitumba, simu juu kama anapunga bendera.

"Wasike, toka kwa njia!"

"Huingii."

"Yangu inaonyesha Odongo vizuri! Nasikika hata nikimwita!"

"Kaa nayo. Usifute. Yako bado iko kwa simu, wewe ndiye tajiri hapa."

"Umenunuliwa!" Sitati akawageukia wengine. "Jamani, mnaona? Jamleck amemnunua huyu!"

Walinitukana kwa Kibukusu, kwa Kijaluo, na kwa Kiswahili kilichobaki. Sikusogea. Mtu akikuita msaliti na unajua si kweli, kuna kazi moja tu: kusimama hapo hapo.

Hapo ndipo Jamleck mwenyewe akatokea, amevaa kofia ya manjano ya ujenzi, ufunguo ukining'inia kidoleni. Boksi la mita liko kwenye ukuta wangu wa nje, na swichi yake kubwa ndiyo inalisha safu nzima.

"Mzee Wasike, niaje. Nimekuja kuzima stima. Tunabomoa, lazima tufuate usalama."

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

Nilienda nikaegemeza mgongo kwenye boksi. Akacheka.

"Mzee, toka hapo. Hii safu kesho haipo. Unajisumbua."

"Baba yangu alitengeneza reli kutoka hapa mpaka Longonot. Alifia hapa Rhonda bila kuambiwa asante na bila kuhamishwa. Mimi ndiye utanihamisha kwa ufunguo wa boksi?"

Jamleck akamwashiria kijana wake mmoja. Lakini Nekoye, anayekaanga mandazi hapo ukutani, alikuwa amesikia yale ya Joyline dirishani. Aliburuta jiko lake taratibu, na karai la mafuta likichemka juu yake, akaliweka mbele ya miguu yangu.

"Mathe, toa hiyo kitu," Jamleck akasema.

"Mandazi hayajaiva."

"Toa, nimesema!"

"Njoo utoe mwenyewe. Yakimwagika, leo kutakuwa na mtu ameumia kweli, usitafute nyundo ya kusingizia."

Watu waliokuwa wakinitukana wakacheka kwanza, kisha wakaanza kuelewa. Yule kijana aliangalia mafuta, akaangalia viatu vyake vya wazi. "Boss, hii siwezi," akasema, akarudi nyuma.

"Basi panda mlingoti wa stima ukate waya!"

Kijana akaenda kwenye ngazi ya Obura. Obura akamtangulia, akaikunja, akaitia begani, akaondoka nayo polepole kama mtu anayeenda kazini. "Nunueni yenu," akasema.

Nilichungulia dirishani. Taa nyekundu ya mashine ilikuwa inapepesa bila kupumzika. Joyline alikaa mbele yake, mikono mapajani, haigusi kitu. Jamleck alikuwa kwenye simu akiita watu zaidi. Joto la jiko lilikuwa linanichoma magoti kupitia suruali, na mafuta yalirusha tone moja likanipata mkononi. Nilikaa nalo.

"Imejibu!" Joyline akapaza sauti. "Imeshusha yote. Nimefungua ya Obura, inacheza. Nimezima mashine vizuri. Haidai stima tena."

Nikamwomba Nekoye asogeze karai. Nikanyoosha mkono kwa Jamleck.

"Leta ufunguo."

Alinipa, sijui kwa nini. Nafikiri alidhani nimechoka. Nilifungua boksi, nikashusha ile swichi mwenyewe. Redio zikanyamaza safu nzima.

"Ulitaka izimwe," nikasema. "Imezimwa. Sasa kaa na ukuta."

Joyline alitoa diski kwa bisibisi, tukatoka. Sikuificha. Niliishika juu, na Sitati kando yangu na simu yake, akinikumbusha mara tatu kwamba hakufuta video yake. Pale kona vijana walitutazama tulivyokuwa wengi, wakapata shughuli nyingine ya kufanya.

Kituoni afisa alitaka kutuambia turudi kesho. Nikamwambia hatuna kesho, tuna leo. Joyline akachomeka diski kwenye kompyuta yao. Afisa aliangalia video ya Obura, akairudisha nyuma, akaiangalia tena, halafu akaangalia ya Sitati. Akamuuliza mwenzake ile nyundo iliandikwa kwenye ripoti na nani.

Odongo alitoka jioni hiyo hiyo, kamba za viatu mkononi, maana walizitoa alipoingia ndani. Jamleck alikuwa amefika na kusimama mlangoni, akisema hii kesi haijaisha, tingatinga inarudi asubuhi.

Odongo alikaa kwenye ngazi ya kituo, akaanza kupitisha kamba tundu kwa tundu, bila haraka, kama kiatu ni cha mteja mkubwa. Kisha akainua kichwa.

"Bwana, sogea kidogo," akamwambia. "Unanikingia mwanga."