Kofia ya Saizi ya Chungwa

Nianze na hili ili tusisumbuane: mie ni mwanaume, nina miaka hamsini na nane, nalinda geti huko Mbezi Beach, na nafuma. Nafuma kwa spoku za baiskeli nilizozinoa mwenyewe kwenye sakafu ya saruji. Aliyenifundisha ni mwalimu wetu wa darasa la tano kule Tukuyu, na darasa zima tulifuma, wavulana kwa wasichana, maana baridi ya kule haichagui. Anayetaka kucheka acheke amalize, kisha tuendelee.

Nyumbani kwetu ni Temeke, na mtaani hakuna mtoto aliyezaliwa miaka ya karibuni asiyevaa kofia yangu. Hapa Dar joto linaua, lakini mtoto mchanga lazima avikwe kofia na soksi, hiyo hata bibi wa Kizaramo atakwambia. Kofia zangu zina sifa moja: mshono huuoni. Nafuma kipande bapa, nakikunja, nashona ubavuni, halafu nageuza ili ule mshono ujifiche ndani. Kitanzi kimoja kikiruka, hata kama kipo mahali ambapo hakuna atakayekiona, nafumua kazi yote. Mke wangu Monica huniambia, "Baba Sekela, wewe unafumua kuliko unavyofuma." Ni kweli. Sipendi kazi mbovu na sioni kwa nini nianze kuipenda leo.

Mwezi wa pili mwaka huu Monica akanipigia simu nikiwa getini. Binti yetu Sekela alikuwa amejifungua, mtoto wa kiume, ila mimba ilikuwa na miezi saba tu. Mumewe, Benson, ni dereva wa malori, na siku hiyo alikuwa amekwama Tunduma. Nikauliza mtoto ana uzito gani. Monica akasema kilo moja na robo.

Kilo moja na robo unaambiwa dukani ukinunua sukari. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki, gari likapiga honi nje ya geti mara tatu ndipo nikasikia. Niliogopa, sina sababu ya kuficha.

Mie mtu nikiogopa mikono hutafuta kazi. Nilifuma kofia siku ileile, nikaiwekea kishada juu na vifuniko vya masikio. Siku yangu ya mapumziko nikaipeleka hospitali. Wodi ya watoto njiti haingii mtu zaidi ya mama mwenyewe, kwa hiyo nikabaki kwenye veranda, na nesi mmoja, Sista Jenipher, akaipokea mlangoni. Hakukaa hata dakika tano huko ndani.

"Shikamoo tena mzee," alisema, huku anajizuia kucheka. "Hii imemfunika mpaka kidevuni."

"Watoto wote wanazivaa hizo."

"Huyu bado hajafika saizi ya watoto wote." Akanipa kipande cha bandeji chenye fundo. "Nimempima kichwa. Mwisho ni hapo kwenye fundo. Fuma ya kubana vizuri, maana hawa joto likiwatoka kichwani linawamaliza. Na hicho kishada toa."

Ile bandeji niliiweka mfuko wa shati. Kumfumia mtu ambaye hujamwona ni mtihani, na kamba haikuonyeshi kichwa. Kesho yake mbele ya geti alipita muuza matunda, nikazungusha bandeji kwenye chungwa moja baada ya jingine, yeye ananitazama tu, mpaka nikapata moja kubwa ambalo fundo liligusana na ncha. Nikaliweka mezani, nikalitazama kwa muda. Kichwa cha mjukuu wangu kilikuwa kile.

Sasa nje ya geti pana kijiwe cha bodaboda, na pale yupo kijana anaitwa Mwishehe ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Aliponiona nalijaribishia chungwa kofia aliita wenzake wote.

"Mzee Wilbert, hilo chungwa linaumwa?"

"Unaumwa wewe."

"Mie nauliza tu. Embe tuliletee lini, lipate sweta?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikaendelea kufuma. Ningeanza kumweleza ningelia mbele ya watoto wale, na hilo sikuwa tayari nalo.

Kofia ile ilinitesa siku tatu. Kitu kidogo hakisamehe: kitanzi kimoja kikizidi, chungwa linacheza ndani, kikipungua, halipiti. Niliifumua mara nne. Mara ya tano ikakaa, rangi ya maziwa, mstari mmoja wa bluu kuzunguka, mshono umejificha hata mie nikautafuta kwa kidole. Niliivua na kuivalisha chungwa kama mara kumi hivi, kwa raha tu. Ilikuwa ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nami nilijua.

Sista Jenipher aliingia nayo, akarudi nayo.

"Saizi ni yenyewe, mzee. Lakini ule mshono wa ndani umemwekea alama nyekundu. Ngozi yake bado, ni laini mno. Tuigeuze tu, mshono ukae nje."

"Tuigeuze vipi?"

"Ndani iwe nje."

Damu ikanipanda. Nikamwambia kazi yangu haivaliwi ndani nje, kwamba mtu akimwona yule mtoto atasema babu yake hajui kushona, kwamba bora niende nikaanze upya. Nikaichukua kofia mkononi mwake, nikaitia mfukoni, nikashika njia. Mzee mzima.

"Baba."

Sekela alikuwa mlangoni. Alikuwa amekonda, khanga imelegea begani. Nyuma yake kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia ndiko alikokuwa mwanawe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Jana ameshuka. Kilo moja na gramu mia moja na hamsini. Nakaa naye kifuani mchana kutwa, nikienda kuoga tu anapoa." Hakuinua sauti. "Mie sitaki kofia nzuri, baba. Nataka hiyo uliyotia mfukoni."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikaitoa, nikaigeuza palepale mbele yao. Mshono ukatokeza wote, mnene, na nyuzi za mafundo zinaning'inia. Nikampa. Sekela akaipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo. Sikumwona mtoto siku hiyo pia.

Kuanzia hapo kila siku saa tano Sekela alinitumia ujumbe, namba tupu. 1,150. 1,150. 1,140. Ile siku ya 1,140 sikula. Halafu 1,160. Halafu 1,200, nikafungulia gari la mgeni bila kuuliza anakwenda nyumba gani, nikagombezwa na sikujali. Sista Jenipher alinitumia salamu kwamba mle wodini wako kumi na mmoja, na wengine wanavikwa soksi kichwani. Basi nikawa nafuma. Zote mshono nje. Mwanzoni zilinichoma macho, kila nikimaliza moja mkono unataka kuigeuza. Lakini kufumua nako kukakoma, maana niliyekuwa namfumia hakuwa na siku ya kusubiri. Kitanzi kikiruka nilikidaka kwa uzi, nikaendelea.

Chungwa lilinyauka. Asubuhi moja nikakuta jipya mezani kwangu, kubwa vilevile. Mwishehe alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake, anatazama upande mwingine.

"Nimeambiwa na huyu mama anayetuuzia chai," alisema. "Mjukuu vipi?"

"Kilo moja na mia tatu."

"Anapanda huyo." Akawasha pikipiki. "Hilo likinyauka sema."

Kila wiki akaleta jingine, na utani wake ukarudi, ila sasa alikuwa anawafukuza wenzake wakisogea na mikono michafu.

Wiki ya sita, saa saba mchana, simu ikaita. Sekela hakuwahi kupiga, alikuwa anaandika tu. Niliipokea nimeshasimama.

"Baba," alisema, "kofia haiingii."

Maneno hayo nimeambiwa mara ngapi na wateja, na kila mara nilikasirika siku nzima. Nikamuuliza haiingii vipi.

"Inagota juu ya masikio. Ana kilo mbili na mia moja. Wametuambia kesho tunakwenda nyumbani."

Nilikaa chini palepale kwenye lami. Mwishehe akaja mbio akidhani nimeanguka. Nilipomwambia aliwasha pikipiki akaondoka, akarudi na balungi. "Pimia hili," alisema. Nilifuma mpaka nakabidhi lindo saa kumi na mbili, na nyumbani nikamalizia. Bluu, na kishada kidogo juu. Mshono nikauficha ndani, safi, kama zamani.

Kesho yake kwenye veranda Sista Jenipher alikuwa na ile kofia ya rangi ya maziwa mkononi, imefuliwa. "Hii nabaki nayo mzee. Kuna mmoja kaja leo alfajiri." Nikamwambia abaki nayo.

Kisha Sekela akatoka nje, akafungua khanga, akaniwekea mwanawe mikononi. Wiki sita nilikuwa nakijua kile kichwa kwa chungwa. Nikakishika kwa kiganja. Kilikuwa cha moto, laini, na utosini kilikuwa kinadunda. Nikalia, na waliokuwa pale wakaniona.

Monica akanipa ile kofia ya bluu. Niliitazama, nikaigeuza kwa mkono mmoja na meno.

"Baba, umeikosea, mshono uko nje," Sekela akasema.

"Najua," nikamwambia, nikamvika.