Kijana Mwenye Miaka Yangu Minane

Kiwanda chetu cha vigae kiliuawa na vigae vya kutoka nje, vyembamba, vinavyong'aa, bei yake ya kutupa. Mimi nilikuwa mtunza stoo. Huu ni mwaka wa pili niko nyumbani, na mtu akiniambia nivute subira namkazia macho mpaka aone haya mwenyewe. Mke wangu ndiye anayeilisha nyumba kwa cherehani, na macho yake yameanza kumsumbua. Binti wa dada yangu anaishi nasi na kutuchangia. Amesomea uchumi, ameajiriwa na watafiti wanaochunguza jinsi kampuni zinavyochagua wafanyakazi. Wangeniuliza mimi ningewaeleza bure.

Huyo mpwa wangu ndiye aliyenichapia wasifu wangu wa kazi. Nilimsimulia yote, hata ule ujanja wangu wa kusimamisha maboksi ya vigae kwa ubavu, maana yakilazwa ya chini yanapasuka. Akashauri tutaje miaka minane ya mwisho tu, nisionekane wa kale mno. Umri wenyewe, hamsini na tatu, hatukuuficha. Tukaupeleka wasifu huo kwenye kampuni inayoingiza vigae vilevile vilivyotufungisha virago, kwani walitaka msimamizi wa ghala. Nilikimeza kiburi changu kizimakizima. Nilikuwa naitaka kazi ile mpaka naiota.

Sebuleni mpwa wangu ana kikapu cha simu za kazi, zile ndogo za vitufe, na ametukataza kuzigusa. Jumamosi moja alikuwa uani anaanika nguo, simu moja ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Nikachoka nayo, nikapokea. Mwanamke mwenye sauti ya adabu akajitambulisha kuwa afisa ajira wa kampuni ileile. Akaniita kwa jina nisilolijua, akasema wamevutiwa na miaka yangu minane ya stoo, hasa habari ya maboksi kwa ubavu, na kwamba nifike Jumatatu asubuhi kwa usaili. Niliitikia ndiyo, ndiyo, mpaka akakata.

Mpwa wangu aliporudi na beseni tupu, nilimuuliza mwenye jina lile ni nani. Akaliweka beseni chini polepole. Alinieleza kwamba mtu huyo hayupo. Watafiti hutunga waombaji kazi, wakapeleka wasifu wa watu wawili wanaolingana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja, kisha wakasubiri waone nani ataitwa. Akiitwa wa kutungwa, kwenye mojawapo ya simu zile za kikapuni, wanakataa kwa upole. Huyu alipewa miaka ishirini na tisa. Mengine yote yalikuwa yangu.

"Na mwenzake wa kulinganishwa naye ni nani?"

"Ni wewe, Mjomba," akasema. "Nilikuwa na haraka, sikubadilisha maneno. Nilijua wangekuita wewe."

Akalia. Mimi nilikasirika, na hasira yenyewe haikujua imwangukie nani. Akanisihi nisiseme kitu, maana siri ya utafiti ikivuja anafukuzwa kazi, na Jumatatu atawapigia awaambie kijana amepata kazi kwingine. Nikamwambia sawa, nikiwa nimeshaamua langu. Miaka ni yangu, maboksi ni yangu, kwa nini usaili usiwe wangu?

Jumatatu nilivaa koti nikatoka kabla hajaamka. Ofisi yao iko ndani ya ghala, na pembeni maboksi yalikuwa yamelazwa hadi karibu na dari, ya chini yamebonyea. Nilipoyaona nilipata moyo. Afisa ajira, binti wa rika la mpwa wangu, alisimama akanipa kiti. Nikasema nimekuja kwa usaili, nikataja lile jina. Akatazama mvi zangu, akatazama karatasi, kisha akatabasamu.

"Kumbe wewe ni baba yake. Amepata dharura?"

Kabla sijajibu alishaanza kunipongeza kwa malezi. Kijana anaonekana anaijua kazi, asiwe na wasiwasi, aje mwenyewe kesho, watamshikia nafasi. Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kama hawakupata maombi mengine ya mtu mzima mwenye uzoefu kama huo.

"Tulipata, tukayatupa," akasema. "Kuna mzee mmoja kanakili ya mwanao neno kwa neno, hata hayo ya maboksi. Mwambie asiwe anamwonyesha kila mtu karatasi zake."

Nilikuwa na la kusema. Lilinijaa mdomoni. Lakini ningesema mzee huyo ni mimi, ningekuwa nimejitangaza mwizi mbele yake, na ningesema ukweli wote, mpwa wangu angekosa mkate na sisi pamoja naye. Nilikirudisha kiti mahali pake, nikamshukuru, nikamwambia nitamwonya.