Jina la Kumi

"Huyo ni kulungu au fahali aliyelewa?" Nan Gregoria aliuliza kutoka kizingitini, huku akipukuchua mahindi bila hata kuyatazama.

Anselmo alisimama katikati ya ua, jasho likimtiririka. Alikuwa mtoto wa kaka yake, mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, fundi wa malori mjini, na tumbo lake lilikuwa limeanza kumtangulia. "Shangazi, mgongo umenikaza. Nihurumie basi."

"Kulungu hana mgongo wa fundi. Inua goti. Na usikanyage hivyo, ardhi haijakutukana. Tena."

Anselmo akarudia. Nan Gregoria akasonya, lakini moyoni alikuwa na furaha iliyomuuma. Miaka arobaini na mmoja ngoma ya kulungu ilikuwa imelala kijijini Pakotoj. Ilipigwa mara ya mwisho, na mwaka ule ule wakaja watu wenye bunduki, na baada yao hakuna aliyethubutu kupiga hata kopo. Vinyago vingi vilichomwa. Cha kulungu kilipona kwa sababu Gregoria, wakati huo mwanamke wa miaka ishirini na mitano, alikificha darini chini ya magunzi, akakaa nacho kimya miaka yote hiyo kama mtu aliyeficha mkimbizi. Sasa mkuu wa ngoma, Bonifacio Chitic, ambaye kwa heshima ya uzee aliitwa Tat kama Gregoria alivyoitwa Nan, alikuwa amekusanya wachezaji upya, na kulungu angekuwa Anselmo.

Ilikuwa haki yake. Aliyekivaa kinyago kile mara ya mwisho alikuwa baba yake, Agustín, ambaye watu wote walimwita Tin.

Ah, Tin! Mliokuja baadaye hamkuona kitu. Siku za sikukuu ya mtakatifu, marimba ikilia tangu umande haujakauka na baba yao Tin na Gregoria akipuliza zumari hadi mashavu yamvimbe, Tin alikuwa akiuacha mstari wa wachezaji na kwenda kwenye vyungu vya wanawake. Anainamisha pembe juu ya chungu, hasemi neno, anangoja. Wanawake wanampiga kwa mwiko, yeye hatikisiki. Mwisho wanampa andazi la mahindi la moto, analipenyeza chini ya kinyago, na watoto wanacheka hadi wanakaa chini. Halafu anarudi uwanjani, chui anamfukuza, naye anaruka mara tatu. Ile ya tatu alikuwa akikawia hewani. Gregoria alikuwa tayari kuapa mbele ya padri kwamba alikawia. Wanawake wote walishusha pumzi pamoja, wakidhani labda mwaka huu kulungu ataponyoka.

Wale wenye bunduki walimchukua Tin shambani akiwa anapalilia. Mke wake Isabela alikuwa mjamzito wa miezi saba, na aliye tumboni ndiye huyu Anselmo. Hakuna aliyeleta maiti, hakuna aliyeonyesha kaburi. Isabela alikataa wanaume wawili wazuri, akasema mimi nina mume, akafa akiwa bado anasema hivyo. Na kila mwaka siku ya wafu, Gregoria aliwapelekea jamaa zake wote maua ya manjano na mishumaa makaburini, mpaka shangazi mmoja aliyekuwa hampendi kabisa. Tin hakumwashia hata mshumaa mmoja. Mtu haashiwi mshumaa akiwa hai.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, na Nan Gregoria alilijua tangu siku alipokishusha kinyago kutoka darini. Kinyago cha kulungu hakivaliwi hivi hivi. Kwanza huitwa marehemu wote waliokivaa, mmoja mmoja kwa zamu yao, ili waingie na kucheza ndani ya miguu ya mvaaji. Asiyeitwa hubaki nje ya mlango. Na anayeita ni mtu wa damu ya waliokivaa, wala mvaaji mwenyewe haruhusiwi. Majina yale baba yake alimfundisha Gregoria, na aliyabeba peke yake. Bila yeye ngoma haichezwi. Lakini kumwita Tin katika orodha ile ni kumzika kwa mdomo wake mwenyewe.

"Shangazi," Anselmo alisema siku ile, akiwa ameketi kupumzika, "na baba utamwita?"

"Kunywa uji wako," akajibiwa.

Siku ya kuita ilifika. Asubuhi, wachezaji walikusanyika nyumbani kwa Tat Bonifacio. Sakafu ilikuwa imetandazwa majani ya msonobari, ubani ukifuka, na vinyago vimelazwa mkekani vikitazama dari. Wapiga marimba walikuwa wamekwisha shika fimbo zao. Tat Bonifacio alikigeuza kinyago cha kulungu, upande wa ndani ukawa juu. Kila aliyewahi kukivaa alikuwa amechonga alama moja humo kwa kisu. Kando yake aliweka bakuli la punje za mahindi. Jina moja, punje moja.

Nan Gregoria alipiga magoti, akaanza. "Diego Tzunux."

"Amepita njia hii," watu wakaitikia, na punje ikawekwa.

"Baltazar Tzunux."

"Amepita njia hii."

Aliwataja babu na mababu zake, na mmoja aliyekufa kwa radi, na wa tisa akawa baba yake mwenyewe. Punje tisa. Kisha akajifuta mikono kwenye sketi na kuanza kuinuka.

"Kaa, Nan," Tat Bonifacio alisema taratibu. Alikuwa ameweka kidole ndani ya kinyago. "Alama ni kumi."

"Umehesabu vibaya. Macho yako yamezeeka."

"Macho yamezeeka, kidole bado. Hii ya kumi ni ya nani?"

Watu wote walijua ni ya nani. Gregoria aliona uso wa Anselmo ukimtazama. Akababaika. Ulimi ule uliokuwa haukosi neno ulishika la kwanza ulilolikuta. "Ya... ya Bonifacio Chitic."

Mtu mmoja nyuma alishika mdomo. Aliye hai akiitwa kati ya wafu hana budi aitike mwenyewe, mara moja, la sivyo atakufa kabla mwaka haujaisha. Tat Bonifacio aliruka kama amekanyaga kaa la moto. "Nipo! Nipo, nala mahindi!" akasema, akatema mate mlangoni mara mbili, akajipapasa kifuani. Baadhi ya watu wakaangua kicheko cha woga.

Yeye hakucheka. "Gregoria, kweli? Kaka yako unamficha, mimi unanizika? Mimi nilicheza chui. Tulikua pamoja, mama yako alinilisha. Nimekukosea nini?"

"Samahani, Tat." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siwezi. Nikimtaja nimemuua. Hawa wengine nimewaona wakifa. Yeye sikumwona."

"Shangazi." Anselmo alipiga magoti mbele yake. "Mimi watu wakiniuliza baba yako yuko wapi, sina jibu. Mwenye baba mzima anaringa naye, mwenye baba marehemu anampelekea maua. Mimi niko wapi? Mama alikufa akiwa ameketi akitazama njia. Na wewe unataka kufa hivyo hivyo? Halafu mimi ndiye niketi pale?"



"Sheria umeiona sasa hivi," Tat Bonifacio alisema, na hasira ilikuwa imemtoka. "Aliye hai ataitika. Mimi si nimeitika? Mwite, Nan. Kama yupo, popote alipo, si ataitika?"

Ndipo Nan Gregoria alipojijua. Miaka yote ile alikuwa akisema hamtaji Tin ili asimuue. Haikuwa hivyo. Alikuwa haogopi kumtaja, alikuwa anaogopa kimya kitakachofuata.

Akajifunga shuka lake vizuri begani. Akageuza uso mlangoni, maana mlango ulikuwa wazi na njia ya shambani ilionekana.

"Agustín Tzunux," akaita.

Watu walingoja. Desturi ni kungoja pumzi moja tu, lakini hakuna aliyefungua mdomo kuitikia. Mbwa alipita uani. Punje ilikuwa kwenye vidole vya Tat Bonifacio na hakuthubutu kuiweka. Gregoria akaita tena, safari hii kwa sauti aliyokuwa akimwitia chakula walipokuwa wadogo. "Tin! Tin, wee!" Akatega sikio. Wanaume wazima waliinamisha vichwa. Ubani ukaisha kwenye chetezo, na hakuna aliyeongeza.

Njiani hapakuwa na mtu.

"Amepita njia hii," Nan Gregoria akasema mwenyewe, peke yake. Tat Bonifacio akaiweka punje ya kumi.

Kisha yule mwanamke akajitupa chini kwenye majani ya msonobari na kulia. Alilia kilio cha msiba kamili, kile cha siku ya kwanza, akiita kaka yangu, kaka yangu, kana kwamba habari imeletwa asubuhi ile. Anselmo akalia naye, akimwita baba yake marehemu kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Wanawake waliacha vyungu, wakaja kuketi nao mkekani kama watu wanavyoketi matangani, na wapiga marimba wakaweka fimbo zao chini, kwa kuwa siku ile Pakotoj ilikuwa na maziko, na ngoma ingechezwa kesho.